Kuhariri kitabu cha makala za maadili kwa barua: mwongozo kamili kwa mhadhiri wa falsafa

Ukipewa kazi ya kuhariri kitabu cha makala za maadili chenye waandishi kumi na wawili, kalamu nyekundu utaishika kwa wiki chache tu. Muda uliobaki wote ni wa barua: za kualika, za kukumbusha, za kukataa, za kuomba ruhusa, za kumtuliza profesa aliyeudhika kwa sababu umemfutia aya mbili. Vitabu vya aina hii vikikwama, ni nadra kukwama kwenye falsafa. Hukwama kwenye barua ambayo haikuandikwa, au iliyoandikwa kwa woga hata aliyeipokea hakujua anaombwa nini.

Mwongozo huu unaanzia kwenye wazo la kwanza na kwenda hadi nakala zinapowafikia waandishi. Kwa mfano nitatumia kitabu cha kufikirika kuhusu maamuzi hospitalini: nani aamue pale mgonjwa, familia na daktari wanapovutana? Si ajabu kwetu majibu ya vipimo kuambiwa kaka mkubwa kabla ya mwenye maradhi, na wanafalsafa hawajakubaliana kama hilo ni kosa.

Hatua ya 1: Tafuta swali, mada haitoshi

"Maadili ya tiba Afrika Mashariki" ni mada. Kila mtu ataleta makala aliyokuwa nayo kabatini, nawe utabaki na rundo la makala zisizosalimiana. "Je, ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu inaweza kutenguliwa na familia yake?" ni swali. Makala inaweza kulijibu, kulipinga, au kuonyesha kwamba limeulizwa vibaya. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kumfikiria mtu makini atakayejibu "hapana" na mwingine atakayejibu "ndiyo", rudi ukafikiri upya.

Andika ukurasa mmoja wenye swali hilo, sababu za kuliuliza sasa, na majibu matatu au manne yanayowezekana. Halafu tafuta watu wa kutetea kila jibu, hasa lile usilolipenda. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alifanya jambo la kuigwa alipotoa kitabu chake kuhusu falsafa ya wenye hekima mwaka 1990: aliweka hoja zake, mazungumzo na wazee wenyewe, kisha akawapa nafasi ndani ya jalada hilohilo wanafalsafa waliokuwa wakimpinga. Mhariri anayewaalika marafiki wa mawazo yake tu atapata kitabu chenye adabu nyingi na hoja chache.

Hatua ya 2: Mwandikie mchapishaji kabla ya waandishi

Wengi hufanya kinyume. Wanakusanya makala kwanza, kisha wanaanza kubisha hodi wakiwa na watu kumi na wawili mgongoni wanaouliza kitabu kiko wapi.

Fanya hesabu kwanza. Makala 12 za maneno 6,000 ni maneno 72,000. Ongeza utangulizi wa maneno 5,000, wasifu wa waandishi na faharasa. Kwa ukurasa wa maneno 350 hivi, unakaribia kurasa 230. Mchapishaji anataka kuiona hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayomwambia gharama ya karatasi.

Katika barua yako uliza mambo haya waziwazi: nani analipia uchapaji, nani anachagua wasomaji wa nje (wataalamu wanaoipima makala kabla haijakubaliwa), hakimiliki ya kila sura inabaki kwa nani, mwandishi anaruhusiwa kuweka sura yake kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo au la, na kila mwandishi atapata nakala ngapi. Usikubali jibu la simu peke yake. Na ukipokea barua inayoisifu kazi ambayo mtumaji hajaisoma, ikataja ada kabla ya kutaja wasomaji, usiijibu.

Hatua ya 3: Barua ya mwaliko

Barua hii ndiyo mkataba wa kwanza, hata kama hakuna aliyetia sahihi. Kila utakachokiacha gizani hapa kitarudi miezi minane baadaye kikiwa ugomvi. Mfano:

*Mpendwa Daktari,*

*Habari za kazi. Ninaandaa kitabu cha makala kuhusu swali hili: je, ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu inaweza kutenguliwa na familia yake? Nilisikiliza wasilisho lako kuhusu wajibu wa watoto kwa wazazi, na naona hoja yako ya deni la malezi inapingana na jibu ambalo waandishi wengine watatu wanaelekea kulitoa. Ndiyo maana nakuandikia.*

*Naomba ikisiri ya maneno 200 ifike kabla ya tarehe 31 Machi, na makala ya maneno 6,000 kabla ya tarehe 30 Septemba. Kila makala itasomwa nami, pamoja na msomaji mmoja wa nje asiyejua jina la mwandishi. Mwaliko huu si ahadi ya kuchapisha. Malipo hakuna, kila mwandishi atapata nakala mbili za kitabu.*

*Tafadhali nijulishe kabla ya tarehe 15 Januari, hata kama jibu ni hapana.*

*Wako katika kazi,*

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Watu wetu wengi huona aibu kukataa mwaliko wa mwenzao, hivyo hunyamaza, na ukimya wao unakula miezi yako miwili. Ukimpa mtu ruhusa ya kusema hapana, ataisema. Angalia pia kwamba barua inamtajia mpokeaji hoja yake mwenyewe. Barua moja iliyotumwa kwa watu thelathini wakiwa wote kwenye anwani moja hupata majibu ya heshima na makala dhaifu.

Sentensi kuhusu ahadi ya kuchapisha nayo usiifute kwa ajili ya adabu. Sura ya kitabu huhesabiwa mtu anapoomba kupandishwa cheo, na kabla hata makala haijasomwa utaombwa barua ya kuthibitisha kwamba imekubaliwa. Andika ukweli wa siku hiyo: "imepokelewa", "iko kwa msomaji wa nje", "imekubaliwa baada ya marekebisho". Hayo ni mambo matatu tofauti, na kamati ya chuo inajua tofauti yake.

Hatua ya 4: Ukurasa wa kanuni

Watakaokubali uwatumie ukurasa mmoja tu: mtindo wa marejeleo, aina ya faili, tahajia, mahali pa tanbihi. Kwa falsafa ongeza mambo mawili. Aristotle anukuliwe kwa namba za Bekker (namba za kurasa na mistari za toleo la Kigiriki la Bekker) na Kant kwa juzuu na ukurasa wa toleo la Akademia ya Berlin, ili msomaji mwenye tafsiri yoyote aweze kufika palepale. Pia anzisha orodha ya istilahi mapema. Mmoja ataandika "ridhaa", wa pili "idhini", wa tatu "makubaliano", wote wakimaanisha kitu kimoja. Chagueni moja pamoja kabla makala hazijaandikwa, maana ukibadilisha baadaye utakuwa unagusa hoja.

Hatua ya 5: Kukumbusha bila kuchosha

Kumbusha mara moja mwezi mmoja kabla ya tarehe, mara ya pili wiki moja kabla, na mara ya tatu siku tatu baada ya tarehe kupita. Barua ya tatu isiwe na lawama. Iwe na swali moja: "Je, makala itanifikia kabla ya tarehe 20 Oktoba, au niendelee bila sura hii?" Mwandishi achague. Sipendi ile mbinu ya kutaja tarehe ya uongo ili upate akiba ya wiki tatu. Wahadhiri wote wanaijua, kwa sababu wanawafanyia wanafunzi wao hivyohivyo.

WhatsApp itakupa jibu haraka kuliko barua pepe, na hakuna ubaya kuitumia kuulizana habari. Ila uamuzi wowote ukifikiwa huko, uandike upya kwenye barua pepe jioni ileile: "Kama tulivyokubaliana mchana, sehemu ya nne inaondoka." Simu hupotea na watu husahau.

Hatua ya 6: Kusoma na kujibu makala

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Soma mara ya kwanza bila kalamu, kisha funga faili na uandike kwa sentensi mbili mwandishi anadai nini. Ukishindwa, barua yako ya kwanza kwake ianzie hapo: "Naelewa kwamba unadai hivi, nimekosea wapi?" Swali hilo huokoa muda kuliko maoni arobaini ya pembeni, kwa sababu pengine mwandishi mwenyewe hajajua anadai nini.

Mara ya pili soma na kalamu, ukitafuta makosa ambayo makala za maadili huyapenda. La kwanza ni mahubiri: mwandishi anasema tunapaswa kufanya nini bila kusema kwa nini asiyekubali akubali. La pili ni kutoka kwenye desturi hadi kwenye wajibu kwa hatua moja, kana kwamba watu wakizoea jambo basi linafaa. La tatu ni methali kugeuzwa ushahidi. Methali ni mwanzo mzuri wa kufikiri, lakini kwa kila "mtu ni watu" ipo nyingine ya kuvuta upande wa pili, na mwandishi anapaswa kutuambia kwa nini amechagua hii. La nne ni mwanafalsafa wa Ulaya kupigwa akiwa hayupo: Kant anaambiwa kwamba hajali jamii, na ukiomba ukurasa unapewa jina la kitabu cha mtu mwingine aliyemsimulia. Omba ukurasa kila mara.

Chukua sentensi moja ya kubuni tuione kwa karibu. Mwandishi ameandika: "Katika jamii za Kiafrika mtu hawi mtu peke yake, hivyo mgonjwa hana haki ya kuificha familia maradhi yake."

Mhariri mwoga ataweka mkato na kuendelea. Mhariri mkali ataandika "Hoja dhaifu" na kumfanya mwenzake akasirike bila kujua afanye nini. Andika hivi:

*"Neno 'hivyo' hapa limebebeshwa mzigo mkubwa. Sehemu ya kwanza ya sentensi inaeleza jinsi mtu anavyokuwa mtu. Sehemu ya pili inamwondolea haki. Katikati panakosekana hoja: kwa nini kulelewa na watu kunawapa watu hao haki ya kujua? Fikiria pia mwanamke ambaye watakaoambiwa ndio wanaompiga. Je, naye hana haki ya kuficha? Na ni jamii zipi unazozizungumzia?"*

Maoni hayo hayamwambii mwandishi aamini nini. Yanamwonyesha shimo lilipo na yanampa mfano wa kulipimia kina. Akirudi, anaweza kurudi na kitu kama hiki: "Aliyelelewa na ukoo anadaiwa na ukoo, na mojawapo ya madeni hayo ni kutowaacha gizani pale ugonjwa wake utakapowalazimu kumuuguza. Deni hilo linakoma pale kujua kwao kunapomhatarisha." Bado unaweza usikubaliane naye. Hiyo si kazi yako. Sasa kuna hoja ambayo msomaji anaweza kuishika.

Kuhusu kutokubaliana: mhariri wa maadili ana kishawishi kikubwa kuliko mhariri wa kemia, kwa kuwa kila makala inagusa jambo analoliamini. Jiwekee utaratibu wa kutenga barua yako sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mambo ambayo lazima yarekebishwe ili makala ichapwe: hoja iliyokatika, nukuu isiyo sahihi, madai bila chanzo. Sehemu ya pili ina mambo unayoyaona tofauti, na useme wazi kwamba mwandishi ana hiari ya kuyapuuza. Ukizichanganya, mwandishi mchanga atafuata kila neno lako na kitabu kizima kitasikika kama wewe.

Marekebisho ya lugha yaonekane kwenye faili, usiyafanye kimyakimya. Hata mkato unaweza kuhamisha maana, na mwenye jina juu ya makala ni yeye.

Hatua ya 7: Watu waliomo ndani ya makala

Makala za maadili hubeba watu halisi: mgonjwa aliyekataa kuongezewa damu, muuguzi aliyesema uongo kwa huruma, mzee aliyehojiwa kijijini. Kabla ya kukubali makala ya aina hiyo, mwandikie mwandishi umuulize: mtu huyu anajua kwamba habari yake itachapwa? Alikubali kwa maandishi au kwa mdomo mbele ya shahidi? Utafiti ulikuwa na kibali? Nchini Kenya vibali vya utafiti viko chini ya NACOSTI, Tanzania COSTECH, tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, na nchi zote mbili sasa zina sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Kubadilisha jina hakutoshi. "Mwalimu mkuu wa kike wa shule pekee ya sekondari katika kata fulani" hahitaji jina ili majirani wamjue. Muulize mwandishi ni maelezo gani ambayo hoja inayahitaji, mengine yaondoke.

Wazee wenye hekima wana hali tofauti, na hapa wahariri wengi hukosea kwa nia njema. Mgonjwa analindwa kwa kufichwa. Mwenye fikra anaheshimiwa kwa kutajwa. Odera Oruka aliwataja wazee wake kwa majina, maana hoja yake yote ilikuwa kwamba hawa ni watu wanaofikiri kila mmoja kivyake, si mdomo wa kabila. Makala ikiandika "mzee mmoja alisema" kisha ikamjibu kwa kurasa tatu, andika pembeni: "Huyu ni mwanafalsafa mwenzako katika sura hii. Kama ameridhia, mtaje."

Hatua ya 8: Kukataa, na kumwandikia aliyekufundisha

Makala isiyofaa ikatae mapema. Barua iwe fupi, itaje sababu moja au mbili za kweli, isiseme "nafasi imejaa" kama haikujaa. Kama kuna jarida litakaloifaa, litaje. Kama hulijui, nyamaza.

Mtihani halisi ni pale makala dhaifu imetoka kwa profesa aliyekusimamia tasnifu yako. Wengine hutafuta mtu wa kati apeleke ujumbe. Usifanye hivyo: mzee atajua kwamba umeogopa, na maneno yatafika yamepinda. Piga simu kwanza, barua ifuate.

*Shikamoo Mwalimu,*

*Asante kwa mazungumzo ya jana. Nimeisoma makala yako mara mbili. Sehemu ya pili, unapotofautisha kumlinda mgonjwa na kumficha, inafungua jambo ambalo sura nyingine hazijaligusa, na ningependa iwe kiini cha sura. Sehemu ya kwanza na ya tatu zinaeleza mambo ambayo wasomaji wetu wengi wanayafahamu, na msomaji wa nje ameona vivyo hivyo. Ombi langu ni kwamba sehemu ya pili ikuzwe hadi maneno 5,000, nyingine zibaki ukurasa mmojammoja. Maoni ya msomaji wa nje nimeyaambatanisha.*

*Mwanafunzi wako,*

Heshima iko kwenye salamu, kwenye simu na kwenye kusoma mara mbili. Kupunguza ukweli si sehemu yake.

Jambo dogo la kuambatana na hili: makala yako mwenyewe, na ya mwenzako wa ofisi au wa nyumbani, mpe mtu mwingine azisimamie. Na kila mwandishi aeleze kwa maandishi kama ametumia programu za akili bandia na kwa kazi gani. Kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, imeshasema kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi wa makala, kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa.

Hatua ya 9: Ruhusa

Shairi au kipande kirefu cha kitabu cha mtu kinahitaji ruhusa ya mwenye haki, na kumwandikia ni kazi ya mwandishi wa sura, si yako; weka hilo kwenye ukurasa wa kanuni. Barua itaje beti au mistari hasa, jina la kitabu chenu, idadi ya nakala na lugha. Mkishindwa kumpata mwenye haki, ulizeni taasisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya. Majibu huchelewa, kwa hiyo barua hizi zitoke siku makala inapokubaliwa, zisingoje prufu, yaani kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapa.

Hatua ya 10: Utangulizi, prufu na barua za mwisho

Andika utangulizi mwisho. Usifupishe sura moja baada ya nyingine. Waonyeshe waandishi wanapogombana: sura ya tatu inajibu nini sura ya saba, na wapi wote wamekwepa. Kisha mtumie kila mwandishi aya inayomhusu kabla haijapigwa chapa, umuulize kama umemwelewa.

Prufu zikifika, wape wiki mbili na onyo moja: sasa ni makosa ya chapa tu. Kitabu huchapwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16, na aya mpya tatu zinaweza kusukuma fungu zima na kuharibu faharasa. Faharasa yenyewe hutengenezwa baada ya namba za kurasa kutulia, kamwe si kabla.

Kitabu kikitoka, kila mwandishi apate nakala zake pamoja na barua fupi yenye jina kamili la kitabu, kurasa za sura yake, mwaka na ISBN, ili asikuulize tena akijaza fomu za chuo. Waliohojiwa nao wapelekewe nakala, na pale ambapo hawasomi lugha ya kitabu, mwandishi aende awaeleze kilichosemwa juu yao. Makosa yakianza kuripotiwa, na yataripotiwa, yaweke kwenye faili moja lenye ukurasa, mstari, kosa na sahihisho. Mchapishaji atalihitaji siku akitaka kuchapa tena.